Nchi Niliyomchagulia Mama

Hapa Binza ninapopanga, chumba cha pili kutoka changu amehamia binti muuguzi ambaye kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, huongea peke yake kwa sauti. Mwanzoni nilidhani anasali. Siku ya tatu nikasikia vizuri. Alikuwa akisema *Guten Morgen*, kisha ananyamaza kidogo kana kwamba kuna mtu wa kumjibu, kisha anarudia tena, *Guten Morgen*, safari hii akilivuta neno la mwisho. Nilikuwa nimeshika sufuria ya uji. Niliiweka chini nikakaa kitandani, na siku hiyo nilichelewa kufika shuleni ninakofundisha, jambo ambalo si kawaida yangu. Wenzangu hukumbushwa utoto na harufu ya mvua au ya samaki wa kukaanga. Mimi nimekumbushwa na salamu ya Wajerumani, na naomba mnivumilie niwaeleze kwa nini.

Tuliishi Bariadi mimi na mama, vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba. Msimu ukifika, nyuzi zilipeperuka hewani siku nzima zikatua kwenye nywele zetu, kwenye ndoo ya maji, kwenye nguo zilizoanikwa. Harufu ya mbegu za pamba, nzito na yenye mafuta, iliingia hadi kwenye ugali. Mama alikuwa muuguzi katika zahanati moja nje ya mji, na sare yake nyeupe ilikuwa imejaa pamba kila alipotoka. "Hainisumbui," alikuwa akisema huku akicheka, "nyeupe juu ya nyeupe nani ataiona?"

Baba alifariki nikiwa na miaka minne. Ninachokumbuka ni siku alipopakiwa kwenye gari kupelekwa hospitali Mwanza. Alinishika kidevu akasema, "Nakuja, Kabula. Sikai." Alirudi baada ya siku tisa, akateremshwa na wanaume sita. Tangu hapo neno "nakuja" sikuliamini kinywani mwa mtu mzima yeyote.

Habari za Ulaya ziliingia nyumbani kwetu nikiwa darasa la tano. Mama alikuwa na rafiki aliyesoma naye uuguzi, jina lake Neema, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutetemesha vikombe. Siku moja alikuja na karatasi alizopewa na wakala wa Mwanza. Nchi tatu zilikuwa zikitafuta wauguzi: Uingereza, Ayalandi na Ujerumani. Walizitandaza mezani, wakazitazama kama watu wanaochagua vitenge.

"Mimi naenda Ayalandi," Neema alisema. "Kiingereza tunacho, na mvua wanazo kutuzidi. Mama Kabula, usijitese. Twende wote."

Lazima niwaambie mama alikuwa mtu wa namna gani. Chuoni alikuwa wa kwanza miaka yote mitatu, na picha ya siku ile, akiwa amesimama peke yake mbele ya wenzake, ilikuwa kitu cha kwanza ambacho mgeni alikiona akiingia kwetu. Hakuwahi kuchagua kitu kwa sababu ni rahisi. Alichukua daftari, akaandika nchi zote tatu, na kwa wiki nzima akawa anajaza chini ya kila moja: baridi, lugha, kazi, muda ambao mtu hukaa kabla ya kuruhusiwa kumleta mtoto.

Hilo la mwisho alinieleza. Alinikalisha kwenye kigoda akaniambia kwamba atatangulia, na mimi nitakaa kwa bibi kule Mwamanyili, kisha karatasi zikikamilika atanifuata.

"Nakuja kukuchukua, Kabula," alisema. "Sikai sana."

Niliitika, "Ndiyo, mama."

Bibi, mzaa baba, alifika mwishoni mwa wiki hiyo na mchele wa shambani kwake na dagaa ndani ya kifurushi cha gazeti. Nilimtegemea yeye amzuie. Nilijua hapendi safari. Hata Lamadi, ambako ni karibu na kwake, alikuwa akienda kwa kulalamika. Mama alipomweleza, bibi alichambua mawe kwenye mchele kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nenda, mayu, mama yangu. Mwanangu amelala, wewe bado uko macho. Mtoto nitamlea." Nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo mpaka nilipoitwa kula. Majirani wote walisema aende. Mchungaji alisema aende. Hata fundi cherehani, ambaye Ulaya aliijua kwa mitumba tu, alisema aende.

Sasa nitawaambia nilichofanya. Mwalimu wetu Masunga alikuwa akitufundisha habari za ukoloni. Siku moja alipomaliza kipindi nilimfuata hadi mlangoni, nikamuuliza kati ya Uingereza, Ayalandi na Ujerumani, wapi lugha yao ni ngumu kuliko zote.

"Kijerumani," alisema bila kufikiri. "Babu zetu walichapwa viboko kwa lugha hiyo na bado hawakuielewa. Wenyewe wakisalimiana utafikiri wanagombana. Kwa nini unauliza?"

"Nataka kujua tu, mwalimu."

Siku chache baadaye mama alikuwa akipika, daftari likiwa limefunguliwa kwenye meza. Aligeuka akaniuliza, nusu kwa utani, "Na wewe Kabula, ungekuwa wewe ungechagua ipi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema Ujerumani. Nikamwambia kwamba mizani ya kupimia watoto pale zahanati, ile isiyoharibika, imeandikwa chini kwamba imetengenezwa Ujerumani. Watu wanaotengeneza mizani kama ile, nikasema, hospitali zao lazima ziwe nzuri.

Mama aliacha kukoroga. Alinitazama muda mrefu kuliko jibu langu lilivyostahili. Halafu akafuta mkono kwenye kanga, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya Uingereza na Ayalandi. Nilifurahi, furaha mbaya.

Neema aliondoka baada ya miezi minne. Mama akabaki na Kijerumani.

Alinunua kitabu kikubwa, akapata na masomo ya kusikiliza yaliyowekwa kwenye kadi ya simu. Kila Jumamosi alipanda basi la asubuhi kwenda Mwanza kwa mwalimu, akarudi jioni vumbi likiwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Nyumba yetu ikajaa maneno yaliyokwaruza. Aliwasalimia kuku kwa Kijerumani. Jogoo mmoja alikuwa na tabia ya kuwika baada yake, na mama alidai yule ndiye mwanafunzi mwenzake. Alinieleza kwamba kwa Wajerumani kila kitu kina jinsia: meza ni mwanamume, mlango ni mwanamke.

"Na msichana?" niliuliza.

Akafunua kitabu, akakunja uso, akaanza kucheka. "Msichana si mwanamume wala mwanamke. Ni kitu tu."

Tulicheka pamoja mpaka maharage yakaungua. Namkumbuka hivyo, na kila ninapomkumbuka hivyo naumia, kwa sababu wakati huohuo nilikuwa nikiomba Mungu maneno yale yasimkae kichwani.

Majirani walimpa jina: Mama Ujerumani. Mwanzoni lilikuwa jina la heshima. Muuza mchicha alimwongezea fungu kwa ajili ya jina hilo, na wanawake walimletea watoto wao awafundishe kuhesabu kwa Kijerumani. Fundi cherehani alimpunguzia koti la mtumba likamkaa sawasawa, zito, la rangi ya majivu, na mama akalitundika nyuma ya mlango.

Mtihani ulifanyikia Dar es Salaam. Mara ya kwanza alirudi akisema kusoma na kuandika amefaulu, kuzungumza kumemshinda kidogo. "Ulimi wangu ni wa Kisukuma," alisema. "Nitaunyoosha." Akaongeza bidii. Alikuwa akitoka kazini amechoka, anakaa kwenye kizingiti, anafumba macho na kurudia sentensi moja mpaka midomo ikauke. Mara ya pili alirudi ameshindwa tena. Alivua viatu, akaingia chumbani, akalala mchana wote na nguo za safari. Nilikaa mlangoni nikisikiliza pumzi yake. Nilikuwa nimeshinda, na sikujua nifanye nini na ushindi ule. Niliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Aliporudi kazini jina lilikuwa limebadilika ladha. Herufi zilikuwa zilezile, ila sasa lilisemwa na watu wakiwa wamegeuza uso. "Mwangaluka, Mama Ujerumani," muuza mchicha alimwamkia asubuhi moja, "safari ni lini, au ndege imeharibika?" Wanawake waliokuwa pale walicheka. Mama naye alicheka, akalipa, akachukua mchicha. Tulipofika nyumbani niligundua ameusokota mkononi mpaka umetoa maji.

Wakala alipiga simu kusema nafasi za Ujerumani zimefungwa kwa wakati huo, na za Uingereza na Ayalandi zilishajaa. Mama alimshukuru. Baada ya hapo hakuongea tena lugha yoyote isiyokuwa ya lazima. Picha ya chuoni aliitoa ukutani akisema vioo vinamletea kazi ya kufuta vumbi. Mwisho wa mwaka aliomba uhamisho, akapangiwa Lingeka kule Meatu, mahali pa pamba na ng'ombe, ambako hakuna aliyemjua wala kumwita jina lile.

Karibu na zahanati mpya hakukuwa na shule ambayo mama aliiona inanifaa. Basi ikaamuliwa nikae kwa bibi, Mwamanyili.

Ndiyo, mmesikia sawasawa. Nilipelekwa palepale nilipokuwa nikipakimbia. Mama alinifikisha na sanduku langu, akanishika kidevu kama alivyofanya baba, akaniambia, "Nakuja mwisho wa mwezi." Alikuwa akija kweli, miezi mingi alikuja. Lakini aliyekuja alikuwa mwanamke aliyeongea kwa sauti ya chini, aliyekaa na bibi wakipepeta mchele bila kusema kitu, na ambaye hakusalimia kuku kwa lugha yoyote.

Nilikua, nikasoma, nikawa mwalimu. Siri yangu niliibeba miaka yote hiyo. Likizo iliyopita nilikwenda Lingeka kumtembelea. Yuko karibu kustaafu, na magoti yanamsumbua. Ilikuwa mchana, tumekaa kivulini nyuma ya nyumba tukibangua karanga, na sijui ni nini kilichonisukuma. Nilimwambia yote: Mwalimu Masunga, mizani, sala zangu. Nililia kabla sijamaliza.

Mama aliendelea kubangua.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, mama?"

"Mwalimu wako alikuja kupima shinikizo la damu. Akaniambia, mtoto wako ana akili, ameniuliza lugha ipi ya Ulaya ni ngumu. Alidhani unapenda masomo." Akatabasamu kidogo. "Nilijua kabla hujanitajia hiyo mizani."

"Sasa kwa nini ukaichagua Ujerumani?"

Alipuliza maganda kwenye kiganja chake. "Kwanza nilijua nitaiweza. Mimi sikuwahi kushindwa mtihani, ng'wanone, mwanangu. Nilisema nitaifaulu, na huyu mtoto ataona kwamba hakuna kitu kigumu cha kunizuia nisimrudie." Akachukua karanga nyingine. "Halafu nilikuwa nakusubiri useme. Kila Jumamosi nikibeba begi nilikuwa nakuangalia pale mlangoni. Ungesema 'mama usiende' mara moja tu, ningelishusha."

"Na mimi nilikuwa nasubiri ushindwe," nilisema.

"Nikashindwa," alisema mama, na hakukuwa na hasira yoyote ndani yake. Ningefurahi kama ingekuwepo.

Neema, kwa taarifa yenu, bado yuko Ayalandi. Wanawe wawili walimfuata baada ya mwaka na miezi kadhaa. Mdogo anasomea udaktari. Kwa hiyo naijua hata hesabu ya muda ambao ningekaa kwa bibi kama nisingemchagulia mama nchi. Nilikaa miaka saba.

Watoto wa kwetu tulifundishwa kuitika. Mkubwa akisema anaondoka unasema ndiyo, unabeba begi lake hadi barabarani, unapunga mkono. Hakuna aliyenifundisha kwamba mtoto anaweza kumshika mzazi kanga na kumwambia naogopa, baba alisema hivyohivyo. Nilipokosa njia ya kusema, nilitafuta njia ya kuzuia, na ile niliyoipata ilipita juu ya kitu ambacho mama alikithamini kuliko safari yenyewe. Angebaki kwa ombi langu, angebaki akiwa wa kwanza darasani, na majirani wangesema amekataa Ulaya kwa ajili ya mwanawe. Badala yake alibaki kama mtu aliyeshindwa, na aliyajua yote hayo, na alinipikia, alinifulia na kunijia Mwamanyili miaka yote akiwa anajua.

Karanga zilipokwisha aliomba nimshike mkono asimame. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Tulisimama hivyo kidogo, akingoja magoti yakubali, na mimi nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Nilisema moja tu, kwa sauti, nikichelewa miaka mingi.

"Mama, usiende."

"Niende wapi sasa," alisema, akaachia mkono wangu, akaingia ndani.