Picha ya tagi ya enzi za Mjerumani iliyomaliza ubishi wa ukoo Haneti

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Wa kubisha abishe akishamaliza kusoma.

Mimi ni mtu wa ofisini, naishi Miyuji hapa Dodoma. Hobby yangu ni kupiga picha tagi. Kwa wasiozijua, tagi ni zile boti fupi zenye injini kubwa zinazovuta na kusukuma meli bandarini.

Ndiyo, najua Dodoma hatuna bahari. Mke wangu hunikumbusha kila likizo.

Nimezipiga Dar, Tanga, Mwanza, mpya na zilizokufa ufukweni. (Ushauri: usiingie bandarini na camera bila kibali. Mlinzi aliwahi kunifutisha picha za siku nzima, na alikuwa sahihi.)

Sasa juzi kati jirani yangu alitembelewa na mama yake, mwalimu mstaafu kutoka kijiji cha Haneti, huku huku Dodoma. Tumwite Mama Nyemo. Nikampa shikamoo, tukamkaribisha chai. Akasimama mbele ya picha zangu ukutani mpaka chai ikapoa.

Akaniuliza kama kweli kiboti kile kinaweza kuvuta meli yote ile. Nikamwambia ndiyo kazi yake.

Akakaa, akanisimulia.

Babu yake, wakati wa Mjerumani, alitoka Ugogo kwa miguu akaenda pwani. Aliporudi alisema alifanya kazi kwenye boti ndogo inayovuta meli kubwa. Kijiji kikacheka. Wakambandika jina Mvuta Meli, akafa nalo. Hata Mama Nyemo alitaniwa nalo shuleni.

Picha ya babu ilikuwepo moja tu, lakini ukoo ulishikilia kuwa kinachoonekana nyuma yake ni kichwa cha treni, mzee alikuwa kibarua wa reli, basi. Na sasa walikuwa wanajengea kaburi lake. Kaka yake Mama Nyemo, Mzee Ndahani, alishaagiza jiwe liandikwe "Mjenzi wa Reli".

Jumamosi nikaenda Haneti.

Picha imebandikwa kwenye kadi ngumu, chini imeliwa na unyevu, maji hayaonekani kabisa. Unaona bomba refu la moshi na kijana amesimama. Kwa haraka hata mimi ningesema treni.

Ila nyuma ya kijana kuna ndoano nene ya kufungia kamba, na upinde wa chuma unaovuka boti ubavu hadi ubavu, ili kamba ikikazwa isimfagie mtu. Treni haina hicho kitu. Nikatoa picha yangu ya tagi chakavu ya Tanga, nikaziweka pamoja.

Nikawaambia wazi kwamba bandari gani sijui, na jina la boti silijui. Ila hiyo ni tagi.

Mzee Ndahani akavaa miwani. Akapitisha kidole kwenye ndoano moja, akahamia nyingine.

"Mimi ndiye niliyemcheka kuliko wote," akasema. "Ananibeba mgongoni, na mimi namcheka."

Wakuu, nilitazama chini.

Mama Nyemo hakumlaumu. Alimwambia tu, "Basi mpigie fundi simu."

Jiwe sasa limeandikwa "Baharia".

Mwezi uliofuata ndugu hao wawili wakaomba niwapeleke Dar. Tukapanda treni ya SGR, tukasimama ufukweni upande wa Kigamboni. Tagi mbili mpya zikapita zikiingiza meli ya makontena. Mzee Ndahani akapiga picha kwa simu yake. Imepinda, nusu ni anga, na kidole chake kimo. Mama Nyemo alimshika mkono mpaka meli ikapotea ndani ya bandari.

Nilichojifunza: mzee akikusimulia jambo usilolielewa, muulize zaidi kabla hujacheka. Unaweza kuwa unacheka kitu ambacho hujawahi kukiona.

Mwenye picha ya kale nyumbani asiyojua ilipigwa wapi aiweke hapa, tukune vichwa pamoja. Na mnaosema hobby yangu haina faida, karibuni, nawasoma.