Vidonge vya Kifua na Vidonge vya Majira

Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu, goti lake linagusana na langu, muuguzi wa kifua kikuu aliponiuliza kama kuna dawa nyengine ninazotumia.

"Za hospitali, za miti, hata za kununua dukani," alisema. "Nitajie zote, kwa sababu hizi nnazokupa zinagombana na nyingi."

Mume wangu akanijibia. "Habbasoda na asali tu, anapewa na mama yangu."

Muuguzi akanigeukia mimi. "Hakuna nyengine?"

"Hakuna," nikasema.

Ilikuwepo. Nyumbani kwetu Jang'ombe, chini ya vitambaa vya kofia ninazoshona, nilikuwa nimeficha vidonge vya majira, vya kuzuia mimba. Nilianza kuvimeza baada ya kumzaa mtoto wetu wa pili, uzazi ulionitoa damu mpaka nikawa siwasikii wanaoniita. Mume wangu ni fundi wa viyoyozi katika mahoteli ya Mji Mkongwe. Kwao alizaliwa peke yake, na siku zote alitamani nyumba yenye watoto wengi. Si mkali, hajapata kunipandishia sauti. Lakini kila alipombeba mtoto wa jirani alinitazama kwa matumaini, na mimi nikakosa moyo wa kumwambia kuwa naogopa kufa. Nikaona bora ninyamaze.

Yeye ndiye aliyenilazimisha kwenda kupima, siku nilipokohoa tone la damu juu ya kofia nyeupe ambayo ilikuwa karibu kwisha. Na matibabu yalipoanza, hakumwachia mtu kazi ya kuniangalia. Kila asubuhi, kabla hajatoka, alinimiminia maji na kusimama mpaka nimeze vidonge vyote vya kifua. Mkojo wangu ukawa rangi ya chungwa, nikaingiwa na hofu. Akanikumbusha kuwa tuliambiwa itakuwa hivyo. Akishaondoka, na maji yake yamebaki kidogo katika gilasi, nilikuwa nikiyatumia hayo hayo kumezea kile kidonge changu cha siri.

Kikohozi kikapungua, mwili ukaanza kurudi. Kisha nikaanza kutapika. Nikadhani ni ukali wa dawa. Siku ya kliniki mume wangu alikuwa na kazi hotelini, nikaenda peke yangu, nikamweleza muuguzi. Akanipima mkojo.

"Una mimba, dada."

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

Nikamwambia. Aliweka kalamu chini, akanitazama bila ya hasira, na hilo likanichoma zaidi.

"Dawa za kifua zinalichochea ini," alisema. "Kile kidonge chako linakivunja haraka, hakibaki cha kutosha kukukinga. Ungeniambia, tungetafuta njia nyengine. Mimi nilikuuliza."

"Sitaki kuzaa tena," nikasema, nikalia kwa sauti mpaka aliyekuwa akisubiri nje akachungulia mlangoni.

Aliniacha nilie. Halafu akanisisitizia nisithubutu kuziacha dawa za kifua; mtoto ana hatari zaidi ugonjwa ukirudi kuliko mimi nikiendelea na dozi.

Mume wangu nilimwambia habari ya mimba, sikumwambia habari ya vidonge. Alisujudu pale pale sebuleni. "Umepona, na Mungu katuongezea na mtoto," alisema. Tangu siku hiyo, akipata nafasi, aliwasha pikipiki mpaka Kidichi kunitafutia shokishoki, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokaa tumboni. Nilizila kama mtu anayekula mali ya wizi.

Alasiri moja alikaa ananimenyea, moja moja, anazipanga katika sahani. Sikuweza tena.

"Baba watoto, n'na neno."

Nilimweleza lote. Alibaki na shokishoki iliyomenywa nusu mkononi.

"Hata nilipokuwa nakupa maji ya kumezea?"

"Hata hapo."

"Ukiniogopa mimi?"

"Nikiogopa kufa. Na nikiogopa uso wako nikishakwambia."

Akainuka, akaosha mikono, akatoka. Jioni hiyo alikula kwa mama yake, na ya pili yake pia. Nilikaa na watoto wananiuliza baba yuko wapi, nawajibu yuko kazini, na huo nao ukawa uongo mwengine.

Aliporudi hakunigombeza. Alisema, "Tutakwenda hospitali sote wawili. Nataka daktari anieleze ile damu ilikuwa nini. Siku ile niliambiwa mama na mtoto wazima, nikaenda zangu kutafuta mbuzi wa akika. Sikukuuliza kitu." Nilitamani anitukane tu, kwa sababu sasa nilikuwa nimemtwika hata kosa lisilokuwa lake.

Tulikwenda. Daktari aliandika katika kadi yangu kuwa nijifungulie hospitali kubwa, si kituo cha mtaani, na damu iwekwe tayari. Damu ilitoka tena, lakini safari hii wakunga walikuwa wakiisubiri, wakaizuia. Nilimsikia mwanangu akilia, nikaweza kugeuza kichwa kumtazama. Mtoto wa kike, hana hata chembe ya ugonjwa. Baadaye mimi na mume wangu tulikaa pamoja mbele ya muuguzi wa uzazi wa mpango, na mume wangu ndiye aliyeuliza maswali mengi zaidi.

Majirani wanamwita mtoto wa baraka. Baba yake humrusha juu, naye hucheka mpaka kikwikwi kimshike, na mimi hukumbuka kuwa siku niliyojua yupo nilisema sitaki. Mwanangu hajui, na sijui kama kuna siku nitamwambia.

Habari ya vidonge mume wangu hajaitaja tena. Ila kichwa kikiniuma nikachukua kidonge, huacha analofanya akatazama mkono wangu. Haulizi. Mimi humwambia ni kidonge gani, nikameza, naye akarudi kwenye shughuli yake.