Mama aliyechomoa waya mashine zikiwa kazini

Wasee, leo nimemwomba injinia wetu mkuu apanguse sakafu.

Sikumjua! Mama wa makamo, kitambaa kichwani, amesimama tu mlangoni.

Nilikuwa nimemaliza kuunganisha seva, ile kompyuta kuu, kwa nyaya mbili na mashine inayohifadhi rekodi za hospitali, hapa kituo chetu cha data, Industrial Area. Najiona fundi.

Akachungulia nyuma ya kabati la mashine.

"Kijana, nyaya zote mbili umezipitisha njia moja. Hiyo ikikatika, daktari haoni faili ya mgonjwa."

Kumbe ndiye injinia mkuu mwenyewe!

Tukahamishia waya mmoja njia ya pili. Halafu, bila kuniambia, akachomoa ule mwingine. Tena mashine zikiwa zinafanya kazi!

Nikafumba macho.

Kufumbua, faili zinafunguka kama kawaida. Hakuna kilichosimama, hata sekunde.

"Umeona?" akauliza, ametulia kabisa.

Nimeona, mama. Shikamoo.