Kipimo cha Ukuta wa Zahanati

Mke wangu alipopata mimba, baada ya kuisubiri mpaka watu wakachoka kutuuliza, ukuta ndio ulioninyima usingizi. Alikuwa akipokea wagonjwa katika zahanati moja ya mtu binafsi huko Chumbageni, na kiti chake kiliegemea ukuta wa chumba cha eksirei. Nilimuuliza mwenye zahanati kama ndani ya ukuta ule mna bamba la risasi la kuzuia mionzi. Akasema limo. Nikamuuliza nani aliliona likiwekwa. Akacheka, akaniambia mimi fundi redio nirudi kwenye redio zangu, wapimaji wa mionzi wa serikali watakuja. Ile "watakuja" ilinikera kuliko kama angenifukuza.

Mke wangu naye hakutaka kusikia habari ya kuacha kazi. "Nikiacha kwa wasiwasi wako, kesho utanikataza samaki," alisema. "Niletee uhakika, nitaondoka mwenyewe."

Basi nikaamua kuupima ukuta. Mionzi ikipita katika hewa iliyofungiwa ndani ya kopo, huzalisha umeme kidogo humo. Tabu ni udogo wake, maana mita ya kawaida ya fundi haiuoni kabisa. Niliagiza aisii, kijidude cheusi chenye miguu minane, ya aina isiyonyonya umeme unaoingia kwake. Nikaifunga kwenye kopo la maziwa ya unga, na mguu wake wa kupokelea nikaukunja uelee hewani bila kugusa ubao ilipochomelewa. Kwa unyevu na chumvi ya Tanga, ubao wenyewe huvujisha umeme mwingi kuliko ule unaoutafuta. Nilisafisha kwa spiriti, nikapuliza, nikasafisha tena. Nilikuwa nakaa, nainuka, natoka uani, narudi. Mwishowe namba kwenye kioo cha kipimo zikatulia, nami nikalala kidogo.

Asubuhi ya kwenda Chumbageni nikakiwasha kipimo nyumbani kwetu Makorora, namba zikapanda mbio kama maziwa jikoni. Nikazima, nikawasha, zikapanda tena. Nilipiga meza kwa hasira. Ndipo nilipoinama karibu na lile kopo, nikasikia harufu ya udi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Pangani kumtazama mwanawe, na alikuwa amesimama mlangoni akiwa na chetezo mkononi.

"Shikamoo mama. Umekigusa hiki?"

"Marahaba mwanangu. Nimekifukiza. Si ndicho kinachokwenda kumtazamia mwanangu na mjukuu wangu? Nguo ya kutokea hufukizwa, seuze hicho! Nikakifunua, nikasoma Bismillahi, nikakifunika juu ya chetezo mpaka kikanukia."

Moshi wa udi ulikuwa umeacha utando kwenye ile aisii, na umeme ulikuwa ukipita juu ya utando huo. Mke wangu alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka. Nilirudi kwenye spiriti, nikasugua kila mguu mpaka jioni.

Tulikwenda siku iliyofuata, mwenye zahanati akiwa safarini. Nikaliweka kopo juu ya kiti cha mke wangu, nikasimama pembeni. Namba zikaruka kabla hata mashine haijawashwa. Nikasogea, zikaruka. Nikajikuna, zikaruka. Shati langu la nailoni lilikuwa limejaa umeme wa kusuguana, na mimi sijui kutulia.

"Toka nje," mke wangu aliniambia. "Huna dawa wewe. Nifundishe pa kubonyeza, utoke."

Nikamwonyesha namna ya kurudisha namba kwenye sifuri, nikamwambia asimame mbali na ukuta, karibu na mlango, asome kutoka hapo. Nikatoka. Nilikwenda mpaka kona, nikarudi, nikaenda tena. Mgonjwa mmoja aliingia kupigwa picha ya kifua, kisha mwingine wa mkono. Nilitaka kuchungulia dirishani nikajizuia, maana ningeharibu kila kitu. Nilimwomba Mungu namba zisiondoke kwenye sifuri. Sijawahi kuomba chombo changu kisione kitu.

Alitoka amebeba kopo kwapani, na mkononi kikombe chake cha chai na mto wa kukalia.

"Kila wakipiga, inapanda," alisema. "Wakiacha, inatulia. Nimerudisha sifuri mara kadhaa, ni vilevile. Sirudi pale."

Nilimpokea mto. Nilijiona nimeshinda, hata nikaanza kumweleza jinsi nitakavyomkabili mwenye zahanati na kwenda kuwaleta wapimaji mwenyewe. Hakuwa akinisikiliza. Alikuwa amesimama juani, mkono tumboni, analitazama lile kopo.

"Na miezi niliyokwisha kukaa pale," akauliza, "chombo chako kinaweza kuipima?"

Nikamwambia hakiwezi.