Farasi Mia Moja na Kumi na Mbili

Mpira wa gurudumu ukisuguliwa na chuma hadi ukaanza kulainika, hutoa harufu tamu kidogo, kama sukari iliyoungulia sufuriani. Juzi nilipita eneo la viwanda chini ya Bugolobi, harufu hiyo ikanijia kutoka nyuma ya lango fulani, nikasimama kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nilikuwa tena na miaka kumi, ovaroli ya mtumba ya soko la Owino nimeikunja mara nne miguuni, na aibu imenijaa mdomoni.

Mama yangu alikuwa fundi wa magari ya polisi. Tuliishi Naguru, kwenye nyumba za polisi, na Jumamosi alifanya kazi zake binafsi. Kubwa kuliko zote ilikuwa gari la michezo la mzee mmoja wa Bugolobi, ambaye kila mtu alimwita Ssalongo kwa kuwa alikuwa baba wa mapacha. Gari hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko mama, jekundu, viti viwili, na fupi kiasi kwamba mbuzi wa jirani walilitazama kwa dharau. Miezi saba mama aliifumua injini yake na kuifunga upya, pistoni kwa pistoni. Ssalongo alikuwa na rafiki wanne, nao walikuwa na magari ya aina hiyo yaliyolala chini ya maturubai. Likipona lake, walisema, na yetu tutamletea huyo mwanamke. Magari manne yangemtosha mama kuvua sare na kufungua gereji yake. Aliota gereji hiyo kwa sauti, akiosha vyombo.

Sasa niwaambie kosa langu. Ndani ya gari kulikuwa na kitabu cha watengenezaji, kwa Kiingereza, na mimi ndiye niliyemsomea mama. Kilitaja nguvu za farasi mia moja na hamsini. Sikuwahi kumwona farasi hata mmoja. Niliwawazia kama ng'ombe wa Karamoja waliochanwa nywele. Siku injini ilipowaka, Ssalongo alifika, na kabla mama hajafungua kinywa nikaropoka, kwa heshima ya Kiganda, "Ssebo, farasi zote zimerudi! Mia na hamsini!"

Mzee akacheka, akawapigia simu wale wanne papo hapo. Mama alinitazama tu. Hakunisahihisha mbele ya mgeni.

Wiki iliyofuata tulikwenda kupima. Mkenya mmoja, Mutiso, alikuwa na mashine: mapipa mawili ya chuma sakafuni. Gari hufungwa kwa mikanda, magurudumu yake huyazungusha mapipa, na kompyuta huhesabu nguvu iliyofika. Wale rafiki wanne walikuwepo, wamesimama kwa mstari kama wazee wa harusi. Mama akaingia, akapanda gia, akakanyaga. Gari likanguruma mahali pamoja, mabati yakatetemeka, harufu ile ikajaa. Kisha akazima injini, na Mutiso akasoma.

"Mia moja na kumi na mbili."

"Banange!" Ssalongo akanigeukia mimi kwanza, ndipo akamgeukia mama. "Nyabo, farasi yangu thelathini na nane umepeleka wapi? Kitabu inasema mia na hamsini. Mtoto yako alisema!"

Mmoja wa wale wanne akasema kwamba ndiyo maana injini ni kazi ya wanaume. Nilitamani sakafu inimeze pamoja na mapipa yake.

Mama alishuka, akajifuta mikono polepole. "Ssalongo, hiyo ya kitabu walipima injini peke yake, juu ya meza. Haina feni, haina ekzosi, haibebi giaboksi. Na walipima chini, kando ya bahari. Hapa Kampala tuko juu, hewa ni nyepesi, injini inapumua kama mtu amepanda kilima. Hii hapa ndiyo inafika kwa matairi. Ile ingine ni ya meza."

Mutiso, mtu mwema, alimnong'oneza mama karibu yangu, akimwita kwa jina langu. "Mama Aber, wacha niongeze kwa kompyuta. Asilimia ya giaboksi, asilimia ya hewa, inafika mia na hamsini. Kila mtu huniambia niongeze. Hata si uongo, ni hesabu."

"Ni hesabu, basi iandike pembeni, na useme ni hesabu. Pale juu andika ile imefika."

Kisha akamgeukia Ssalongo, akaonyesha gari jipya jeusi alilokuja nalo mzee huyo. "Leta hiyo yako. Kitabu yake inasema ngapi? Tuipandishe kwa mapipa sasa hivi, tuone kama na yenyewe mimi nimeiba farasi."

Ssalongo aliutazama ufunguo mkononi mwake, akautia mfukoni. Hakuna aliyecheka isipokuwa Mutiso, naye alijifanya anakohoa.

Ssalongo alilichukua gari lake jekundu, wale wanne wakaondoka naye. Baadaye tulisikia amepata karatasi mahali pengine: mia moja na hamsini na moja. Alizidi hata kitabu! Gereji haikufunguliwa mwaka huo, wala uliofuata. Mama aliibandika karatasi ya Mutiso juu ya jiko, na alipoulizwa alisema, "Njia ya mwongo fupi, na gari ya mwongo haifiki hata Mukono hapo jirani."

Nililia siku nyingi, nikiamini kwamba ulimi wangu ndio ulioiua gereji yake. Nilimwomba msamaha akimenya ndizi. Akashangaa.

"Wewe ulisoma kile kimeandikwa. Kosa yako ni kusoma kama vile kitabu iliendesha gari."

Leo ninaandika vitabu, na mara kwa mara mtu mwema huninong'oneza niongeze kidogo hapa, asilimia fulani pale, kwa kuwa kila mtu huongeza. Wakati huo hunijia harufu ya sukari iliyoungua, na mama mbele ya wanaume watano, mikono myeusi. Siku ile nilidhani nimemwona akishindwa. Kumbe alikuwa akiikataa zawadi ya farasi thelathini na nane ambao hakuwalisha. Karatasi ingali kwangu, imepakwa mafuta ya jiko, na namba inasomeka: mia moja na kumi na mbili. Hao ni wetu. Walifika chini, kwenye matairi.