Sarafu Iliyosuguliwa kama Sufuria

Ijumaa nilikuwa kwenye duka moja pale Tulia. Mwenye duka hununua sarafu za zamani na kuzipanga kwenye sanduku la kioo. Mama mmoja aliingia, akafungua fundo la leso, akaweka kwenye kaunta senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati. Iling'aa hadi nikafumba jicho.

"Mwaitu, mama yangu, umeosha hii na nini?" mwenye duka aliuliza polepole, kama daktari aliyeona kidonda kibaya.

"Jivu na mchanga wa mto. Vile naosha sufuria ya wageni."

"Jina la mfalme limeisha! Sasa nani atainunua? Ungeiloweka tu kwa maji na sabuni kidogo, uikaushe na kitambaa laini bila kusugua."

"Nikuletee kitu ya mama mkwe wangu ikiwa chafu? Unataka watu waseme nini?"

Ili aelewe, mwenye duka alitoa sarafu yake bora, ya kahawia iliyoiva. "Inafaa kukaa hivi."

Mama aliigeuzageuza, kisha akamtazama kwa huruma ya kweli. "Pole, kijana. Kwani hujaoa?" Akatemea mate pembe ya leso. Mwenye duka alipofika upande ule wa kaunta, nusu ya sarafu ilikuwa inameta.

Nyumbani ninayo moja, ya marehemu baba. Nimeifungia kabatini. Siogopi wezi. Mama mkwe wangu alifika jana kutoka Kasikeu, na ameshauliza jivu tunaweka wapi.