Wimbo Niliofuta Mwenyewe

Bendi yetu ina sheria moja ya kijinga, na aliyeitunga ni mimi. Kila wimbo mpya tunaupa Jumamosi tatu za mazoezi. Kama kufikia ya tatu hakuna aliyekuja akiuimba njiani, aliyeuleta anaufuta kwenye simu yake mbele ya wote.

Wangu ulipofika ya tatu, tulikuwa tumeshabadilisha kiitikio mara mbili, tukaongeza kasi, tukapunguza. Mpiga gitaa wetu, anayetoka Gatina kwa mguu, alisema njia nzima alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwao. Nikaufuta papo hapo. Sikutaka kuonekana nabembeleza.

Siku chache baadaye nilienda kununua sukuma kwa mama mboga ambaye kibanda chake kimegusana na mabati ya chumba chetu cha mazoezi, hapa Silanga. Alikuwa anakata sukuma huku akiimba wimbo wangu, ule wa mwanzo kabisa, kabla hatujauharibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeusahau.

"Mathe, rudia huo wimbo," nikamwambia, nikihangaika kutoa simu mfukoni.

Akacheka kwa haya. "Upi? Mimi nilikuwa najiimbia tu, kijana wangu. Nikukatie, ama unaenda nayo hivyo?"

Jumamosi tulijaribu kuukumbuka, wote wanne, tukaishia kugombana.

Siku hizi napita kibandani kila asubuhi, najifanya natafuta nyanya. Akiniona tu, anatabasamu, kisha anakata sukuma kimya.